Jitimai Baada ya Sindano

Jambo nililokusudia kulizungumza jioni ya leo ni miongoni mwa mambo ambayo wanaume wa kwetu humnong'onea tabibu wakiwa peke yao, na wengine hawayanong'oni kabisa, wakaingia nayo kaburini. Nalo ni kwamba mtu mzima mwenye bashasha na muruwa, akisha kuanzishiwa dawa za kuzuia homoni ya kiume kwa ajili ya saratani ya tezi dume, pengine huingiwa na jitimai isiyo na msiba, akajitenga na watu, akakosa ladha ya chakula na ya maneno, wala yeye wala jamaa zake wasijue imetokea wapi. Je, jitimai hiyo huletwa na dawa, au na maradhi yenyewe, au na umri, au na udhaifu wa nafsi ya mtu? Swali hilo matabibu wamelishughulikia kwa miaka mingi, nami ningependa tulipime pamoja kwa mizani ya insafu, tusimtishe mgonjwa wala tusimdanganye.

Nilikuwa na ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, mshona kofia, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 watu wa mtaani walizoea kumkuta barazani baina ya alasiri na magharibi, kofia gotini, sindano mkononi, na kisa kipya mdomoni. Alipofikia miaka 71 aligunduliwa saratani ya tezi dume, akaanza kuchomwa sindano kila baada ya miezi mitatu, na kipimo chake cha damu cha kufuatilia saratani kikashuka vizuri hata kila aliyemsindikiza hospitali alirudi akimshukuru Mungu. Lakini kabla ya mwaka kutimia, kofia iliyokuwa gotini ilikuwa imekaa nusu, na baraza haina mwenyewe. Mkewe alidhani amemuudhi. Jirani mmoja alisema ni jicho la hasidi. Mwingine akasema ni uzee. Na sisi vijana wake tulimhimiza asali na asubiri, ilhali katika sala na subira alikuwa akitupita sote. Nilipomwuliza ni nini kinachomhuzunisha, alinijibu kwa sauti ndogo, "Hakuna kinachonihuzunisha, mwanangu, ni kama taa iliyoteremshwa utambi." Niliyachukua maneno yale kuwa ni usemi wa mzee tu, na kwa kosa hilo naomba radhi yake hata sasa, kwani ilikuwa dalili ya maradhi, na katika jumla ya watu waliomchoma sindano ile na watu waliompeleka kuchomwa, hakuna hata mmoja aliyepata kumwambia kwamba dalili ya namna ile huweza kumfika.

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kueleza majonzi. Tuna huzuni na simanzi, tuna ghamu na jitimai, na kila neno lina uzito wake na mahali pake. Ila tulipoyazoea maneno hayo tulizoea pia kutafuta sababu yake nje ya mtu: amefiwa, amefilisika, amevunjiwa ahadi; na tusipoiona sababu humdhania mtu kuwa mvivu, au mwenye kinyongo, au aliyepungukiwa imani. Maradhi ambayo matabibu wa Tanzania huyaita sonona, na wa Kenya aghalabu huyaita unyogovu, hayangoji kufiwa wala kufilisika. Humkalia mtu siku nyingi mfululizo, wiki mbili na kuzidi, yakamwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda, yakamvuruga usingizi na kula, yakamchosha bila ya kazi, yakamfanya ajione hana thamani na mzigo kwa watu wake, na yakizidi humpambia mauti. Haya ni maradhi kama yalivyo maradhi ya ini au ya figo, na huweza kuchochewa na mabadiliko ya mwili bila ya mwenye mwili kutenda kosa lolote.

Ili tuielewe dawa, yafaa tujue ilikotoka. Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Chicago, tabibu mpasuaji Charles Huggins, mzaliwa wa Kanada, pamoja na mwenzake Clarence Hodges, walionyesha kwamba saratani ya tezi dume, hata ikiwa imekwisha kusambaa mwilini, hunywea mgonjwa anapoondolewa korodani au anapopewa homoni ya kike, kwa sababu saratani hiyo hulishwa na testosteroni, homoni ile ile inayompa mwanamume ndevu, sauti nzito na nguvu za misuli. Kwa ugunduzi huo Huggins alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Baadaye Andrew Schally na Roger Guillemin, mahasimu wawili wa elimu waliofanya kazi kila mmoja kivyake huko Marekani, mmoja akichambua bongo za nguruwe na mwingine za kondoo, kwa idadi ya malaki na kwa subira ya miaka, walifichua umbile la homoni ndogo kabisa itokayo ndani ya ubongo ambayo ndiyo yenye kuanzisha amri ya kutengenezwa testosteroni. Nao wakashirikishwa katika tuzo ya Nobel ya mwaka 1977.

Homoni hiyo ya ubongo hutoka kwa mapigo, mfano wa mjumbe anayebisha hodi kila baada ya muda. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, husikia hodi hiyo ikapeleka amri kwenye korodani, nazo zikafanya kazi yake. Dawa za sindano kama leuprolidi, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1985, na goserelini iliyoifuata, hubisha hodi ile ile bila ya kupumzika usiku wala mchana. Siku za mwanzo testosteroni hupanda, na ndiyo maana matabibu wengi huongeza vidonge vya kuizuia saratani katika muda huo; kisha tezi huchoka na makelele, ikafunga masikio, na katika muda wa wiki tatu au nne testosteroni hushuka hata kufikia kiwango cha mtu aliyeondolewa korodani. Katika nchi zetu, ambako saratani hii ndiyo iliyo mbele ya saratani zote kwa wanaume wa Tanzania na wa Kenya, na ambako bei ya sindano hizo humwelemea mtu wa kawaida, wako wengi wanaofanyiwa upasuaji wa kuondolewa korodani badala ya sindano. Njia ni mbili lakini mwili hufikishwa mahali pamoja, isipokuwa anayetumia sindano huweza kurudishiwa homoni yake baada ya dawa kusimamishwa, taratibu na pengine si yote, na aliyepasuliwa harudishiwi.

Sasa tuje kwenye swali letu. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walitoa uchunguzi juu ya wanaume 78,552 wa Marekani, wenye umri uliopindukia miaka 65, waliogunduliwa saratani ya tezi dume isiyosambaa mbali baina ya mwaka 1992 na mwaka 2006, ambao kiasi cha 43 katika kila 100 walipewa tiba ya kuondoa homoni ya kiume. Walipofuatiliwa kwa miaka mitatu, waliopata tiba hiyo walioandikwa kuwa na sonona walikuwa 7.1 katika kila 100, na wasioipata walikuwa 5.2 katika kila 100. Waliolazwa hospitali kwa maradhi ya akili walikuwa 2.8 katika kila 100 kwa wale wa kwanza, na 1.9 kwa wale wa pili. Watafiti walipokwisha kusawazisha tofauti za umri, za maradhi mengine na za hali ya saratani yenyewe, hatari ya sonona ilibakia kuzidi kwa 23 katika 100. Lakini lililonishughulisha mimi kuliko hayo ni muda: waliotumia dawa miezi sita au pungufu, hatari yao ilizidi kwa 12 katika 100, waliotumia miezi saba hadi 11, kwa 26, na waliotumia mwaka mzima au zaidi, kwa 37. Jambo likizidi kadiri sababu yake inayodhaniwa inavyozidi, mwenye akili hulitazama kwa makini, kwa kuwa sadfa haina kawaida ya kupanda ngazi kwa utaratibu namna hiyo. Na mwaka uliofuata, zilipokusanywa tafiti 18 zenye jumla ya watu 168,756, hesabu ilionyesha hatari kuzidi kwa kiasi cha 41 katika 100.

Hata hivyo insafu inatutaka tusikilize na hoja ya upande wa pili, nayo ina nguvu. Mtu akienda zahanati akawahesabu wanaokohoa, kisha akatangaza kwamba zahanati ndiyo inayoleta kikohozi, tutamcheka, maana wanaokohoa ndio wanaokwenda zahanati. Kadhalika wanaume wanaopewa dawa za kuzuia homoni aghalabu ni wazee kuliko wenzao, wana maradhi mengine ya ziada, na saratani yao imekomaa. Na yote hayo peke yake hutosha kumtia mtu jitimai. Tena mtu anayechomwa sindano kila baada ya miezi michache huonana na matabibu mara nyingi, na anayeonana nao mara nyingi ni rahisi zaidi kuandikiwa maradhi ambayo mwenzake aliyekaa nyumbani anayo vile vile lakini hayakuandikwa. Mwaka 2006 watafiti wengine wa Marekani walichunguza wanaume 50,613 wenye saratani hiyo, wakaona kwamba, katika walioishi miaka mitano na kuendelea, waliopata tiba ya kuzuia homoni na wakaandikwa kuwa na sonona, au usahaulifu, au unyonge wa mwili walikuwa 31.3 katika kila 100, na wasiopata tiba walikuwa 23.7. Tofauti hiyo ilionekana kubwa. Lakini umri, maradhi mengine na hali ya saratani viliposawazishwa, kwa baadhi ya dalili hizo ilinywea na kwa nyingine ikatoweka. Basi walio makini miongoni mwa matabibu hawasemi kwamba jambo limethibiti kama ilivyothibiti kuwa maji hulowesha. Husema kwamba dalili zimeelekea upande mmoja, na kwamba mizani imeinama ijapokuwa haijagusa chini.

Kuna ushahidi mwingine ambao haukutoka kwa wanaume, nao watufundisha tusiitoe hukumu moja kwa dawa zote. Mwaka 1998, katika taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili iliyoko Bethesda, watafiti waliwapa leuprolidi, dawa ile ile ya wanaume wetu, wanawake 18 waliokuwa wakipatwa kila mwezi na huzuni na ghadhabu kali kabla ya hedhi. Wanawake kumi kati yao walipata nafuu ya wazi baada ya homoni zao kunyamazishwa. Na waliporudishiwa homoni ya estrojeni au ya projesteroni, huzuni ikarudi nyuma yake. Wanawake wengine wasiokuwa na maradhi hayo walifanyiwa vivyo hivyo na nyoyo zao hazikubadilika. Dawa moja, basi, humletea mmoja jitimai, ikamwondolea mwingine, na ikampita wa tatu kana kwamba haikumwona; kwa hiyo kwenye dawa sharti tuongeze na mtu mwenyewe, na namna ubongo wake ulivyoumbwa kuyapokea mabadiliko ya homoni.

Na tamoksifeni, kidonge wanachokijua akina mama wengi waliotibiwa saratani ya matiti, ambacho huizuia estrojeni isiifikie saratani, ilishukiwa kwa miaka mingi kwamba huleta sonona. Shaka hiyo ilipimwa kwa njia iliyo bora kuliko kuhesabu daftari za hospitali: wanawake wasio na saratani lakini walio katika hatari ya kuipata waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa tamoksifeni na wengine kidonge kisicho na dawa, wala wenyewe wasijue wamepewa kipi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001, kutoka kwa wanawake 11,064, hayakuonyesha kwamba waliomeza tamoksifeni walipatwa na sonona kuliko wenzao. Hili nalisema kwa sauti ya juu ili dada yangu anayenisikiliza, mwenye kidonge chake kabatini, asikiache kwa sababu ya mazungumzo haya yanayowahusu zaidi wanaume na sindano zao.

Hebu tutazame sasa ni kwa njia gani kukosa homoni ya kiume huweza kuugusa moyo. Njia ya kwanza ni ubongo wenyewe, ambao una vipokezi vya homoni hiyo katika sehemu zinazotawala hisia na hamu, na kipokezi kilichozoea kupokea kwa miaka 50 kikikatiwa ghafla hakikai kama kilivyokuwa. Njia ya pili ni usingizi: wanaume wengi wanaotumia dawa hizi hupandwa na fukuto la ghafla mwilini, wakaamka usiku wamelowa jasho mara mbili, mara tatu, na mtu asiyelala wiki nyingi hata moyo wa chuma hudhoofika. Njia ya tatu ni mwili: misuli hupungua, mafuta huongezeka, mifupa hupoteza uimara, na uchovu humkalia mtu hata ngazi aliyokuwa akiipanda akiimba huipanda akihema. Na njia ya nne ni ile ambayo wazee wetu huisitiri: hamu ya unyumba huondoka, na uwezo wake nao, na mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba uanaume ndiyo heshima yake hujiona amevuliwa nguo mbele ya mkewe, ijapokuwa mkewe hakumwambia neno. Halafu huogopa kulisema kwa sababu ya haya, na mke huogopa kuliuliza kwa sababu ya staha, na katikati ya haya na staha nyumba nzima hunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua; na katika maradhi haya kilio huweza kuja bila ya jeneza, kikawa kilio cha mtu aliye hai ambaye watu wake wanamkosa angali yumo chumbani.

Nikitakiwa sasa kutoa hukumu, hukumu yangu ni hii. Kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, tiba ya kuzuia homoni yaelekea kuongeza hatari ya sonona, na hatari huongezeka kadiri muda wa dawa unavyorefuka. Lakini ongezeko hilo si la kumfanya mtu aikimbie tiba. Zile hesabu za Boston, tukiziweka katika lugha ya barazani, zinatuambia kwamba ukiwakusanya wanaume 100 wenye kutumia dawa na wengine 100 wasioitumia, baada ya miaka mitatu utakuta walioandikwa kuwa na sonona upande wa kwanza ni saba, na upande wa pili ni watano. Hao wawili waliozidi ni watu, si tarakimu, na kila mmoja ana mke na watoto na baraza inayomngoja. Lakini wako pia wale zaidi ya 90 ambao hawakuandikwa kuwa na sonona, na dawa hii huirudisha nyuma saratani, hupunguza maumivu ya mifupa, na ikifuatana na tiba ya mionzi kwa wanaoistahili huwaongezea wengi umri. Anayemwambia mgonjwa kwamba dawa hii haina taathira yoyote katika moyo wa mtu anamdhulumu. Na anayemwambia aiache asije akapatwa na wazimu anamdhulumu dhuluma kubwa zaidi.

Basi tufanye nini? Kwanza, mgonjwa aambiwe kabla ya sindano ya kwanza, na ikiwezekana mkewe au mtoto wake mkubwa awepo, kwamba mabadiliko ya moyo huweza kutokea, kwamba si fedheha, na kwamba yana tiba. Ambaye zamani amepata kuugua sonona alitaje jambo hilo mapema, kwani moyo uliokwisha kuumia mara moja huumia upesi mara ya pili. Pili, aulizwe baada ya hapo, na asiulizwe mara moja tu. Matabibu wana maswali mawili mafupi ambayo hata mtoto wa nyumbani aweza kumwuliza babake kwa adabu: Katika wiki mbili zilizopita, je, umepungukiwa na hamu au furaha ya kufanya mambo? Na katika wiki mbili hizo, je, umejisikia mnyonge, mwenye huzuni, au uliyekata tamaa? Jibu likiwa ni ndiyo kwa siku nyingi, apelekwe kwa daktari, naye ataendelea na uchunguzi. Na ikiwa mzee anazungumza juu ya kuchoka na dunia na kutamani kuondoka, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Tatu, dawa isikatwe kwa siri. Wako wagonjwa ambao daktari huweza kuwapa tiba hii kwa vipindi, akaisimamisha na kuirudisha huku akiipima damu. Lakini shauri hilo ni la daktari aijuaye saratani ya mgonjwa, halifai kukatwa na mgonjwa kwa kukosa kurudi kliniki. Nne, sonona itibiwe kwa jina lake, na kwa uangalifu. Amitriptilini, kidonge cha bei nafuu kinachopatikana katika vituo vyetu vingi, huweza kuuzuia mkojo wa mwanamume mwenye taabu ya tezi dume, kwa hiyo anayeandikiwa amwambie mwandikaji habari ya tezi yake. Na kwa akina mama wanaomeza tamoksifeni kuna tahadhari nyingine: paroksetini, na fluoksetini pia, huizuia njia ambayo kwayo ini huigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu yake kamili. Uchunguzi wa mwaka 2010 katika jimbo la Ontario, Kanada, uliohusu wanawake 2,430, ulionyesha kwamba kadiri mwanamke alivyotumia paroksetini pamoja na tamoksifeni kwa muda mrefu zaidi, ndivyo hatari ya kufa kwa saratani ya matiti ilivyozidi. Ziko dawa nyingine za sonona zisizogombana na tamoksifeni, nazo zichaguliwe. Tano, mwili utembezwe: kutembea kila siku, na kunyanyua vitu vya uzito wa kiasi kwa kadiri ya uwezo wa mtu, hupunguza uchovu na kuitunza misuli, na mgonjwa aliyechoka hupata nguvu kwa kujikaza kidogo kidogo kuliko kwa kulala mchana kutwa.

Na la sita ni kusikilizwa. Huko Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda, alipoona kwamba madaktari wa akili ni wachache na wagonjwa ni wengi, aliwafunza akina bibi wa mitaani kukaa na wenye mawazo mengi katika benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kuyapanga matatizo yao moja baada ya jingine. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobakia na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi hao walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100, na kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa kiasi cha 50. Utaratibu huo umefika hata Unguja. Nami niliposikia habari zake nilijiuliza: sisi tuliozaliwa na mabaraza ya mawe mbele ya nyumba zetu, na desturi ya kukaa humo tukisikilizana, ni lini tuliacha kumwuliza mzee aliyetoka barazani amekwenda wapi?

Ami yangu aliokolewa na swali. Siku moja alipokwenda kuchomwa, muuguzi kijana, binti aliyeweza kuwa mjukuu wake, aliweka kalamu chini akamwuliza, "Babu, siku hizi unafurahia nini?" Mzee akanyamaza, kisha akalia, naye muuguzi hakumharakisha. Akaonana na daktari, akapewa dawa ya sonona na siku za kuja kuzungumza. Sindano za saratani zikaendelea kama kawaida. Haikuwa kazi ya siku moja, na hakurudi kuwa yule yule wa zamani katika kila jambo. Lakini baada ya miezi kadhaa tulimkuta tena barazani, ile kofia iliyokaa nusu iko gotini, akiimalizia.

Ndugu zangu wasikilizaji, kama nyumbani kwenu yumo mwanamume anayechomwa sindano za tezi dume, au aliyefanyiwa upasuaji wa kuondolewa korodani, msiulize habari za kipimo cha damu peke yake. Usiku huu, kabla hamjazima taa, kaeni naye, mwulizeni kwa upole anaendeleaje moyoni, kisha nyamazeni mpaka amalize kujibu.